Mazishi Yalirushwa Laivu, Video Iko Wapi Sasa?

Huku Kisumu na magharibi yote ya Kenya, mazishi siku hizi hayakosi kamera. Mahema yakishasimama na viti kupangwa, utamwona kijana amechutama kando ya meza ya mfawidhi, akiunganisha nyaya za kompyuta, kamera mbili na modemu aliyoifunga juu ya mlingoti ipate mtandao. Linki imezunguka WhatsApp tangu usiku wa mkesha. Ndugu aliye Doha, dada aliye Minnesota, mjomba aliyelazwa Eldoret, wote wanafuatilia ibada mwanzo hadi mwisho. Wiki kadhaa zikipita, mmoja wao anaibonyeza linki ileile na kukuta video haipo. Au ipo, ila sauti ya kwaya imezimwa. Au ipo nzima, lakini nyanya kule Ugenya, ambaye ndiye anayetaka kuitazama kuliko wote, hana mtandao wa kuifungua wala bando la kuimaliza.

Ndiyo maana swali hili haliishi: je, naweza kuihifadhi laivu niitazame baadaye bila intaneti? Unaweza. Tatizo ni kwamba watu wengi huanza kuihifadhi mahali pabaya. Tangazo la mubashara hupitia sehemu tatu kabla ya kumfikia mtazamaji: kwa mpiga video, kwenye seva za kampuni kama YouTube au Facebook, na mwisho kwenye simu yako. Linaweza kukamatwa katika kila mojawapo ya sehemu hizo, lakini ubora, gharama na usalama wake hutofautiana sana. Wengi wetu hufikiria ile sehemu ya mwisho tu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Kinachosafiri ni nini hasa

Picha inayotoka kwenye kamera ni nzito mno kwa mtandao wa simu. Kompyuta inayopeperusha huibana kwanza, kisha huituma bila kupumzika hadi kwenye seva, mara nyingi kwa njia inayoitwa RTMP, iliyobuniwa na kampuni ya Macromedia enzi za Flash, programu ya zamani ya kuchezea video kwenye kivinjari, na inayotumika mpaka leo. Seva ikiipokea huitengeneza upya katika viwango kadhaa vya ubora: 1080p, 720p, 480p, na kuzidi kushuka hadi 144p. Kila kiwango hukatwa vipande vya sekunde chache. Kampuni ya Apple, iliyoleta HLS, mfumo wa kurusha video kwa vipande kama hivyo, mwaka 2009, hupendekeza vipande vya sekunde 6. Sambamba na vipande hivyo kuna orodha fupi ya maandishi, faili lenye mkia wa m3u8, inayoieleza simu yako kipande kinachofuata kimewekwa wapi. Orodha huandikwa upya kila kipande kipya kinapoingia, na mara nyingi vile vya nyuma hufutwa humo.

Kwa hiyo mtazamaji anayedhani anatazama kitu kimoja kisichokatika anapokea maji kama yanavyoletwa na mkokoteni kule Nyalenda: mtungi baada ya mtungi, na mradi wa pili umefika kabla wa kwanza haujaisha, hakuna anayegundua.

Mambo matatu yanayowachanganya watu yanafumbuliwa hapo. La kwanza ni kuchelewa. Aliye Doha husikia "Amina" wakati waliopo bomani wameshakaa na kuanza wimbo mwingine, kwa sababu kipande lazima kibanwe, kitumwe, kikatwe na kukusanyika kidogo kwenye simu yake kabla hakijachezwa. La pili ni ule ukungu unaoingia na kutoka kwenye picha. Simu hupima kasi ambayo vipande vinafika, na mtandao ukilegea huanza kuomba vipande vya kiwango cha chini. Watu wawili wanaotazama mazishi yaleyale, mmoja Milimani na mwingine Mbita, hawaoni picha ile ile.

La tatu ndilo zito. Wakati tangazo linaendelea, mtazamaji hana faili moja zima la kupakua. Kuna vipande vinavyozaliwa na orodha inayobadilika. Faili kamili huja kuundwa baadaye, seva ikishaunganisha vipande vyote, na huundwa tu ikiwa kampuni ile na mwenye tangazo wameamua liundwe. Ndiyo sababu hupati kitufe cha kupakua katikati ya laivu hata ukitafuta vipi.

Anza kwa mpiga video

Mahali ninapopaamini kuliko pote ni pale pale chini ya hema. Programu inayotumiwa na wapeperushaji wengi, OBS Studio, ni ya bure, na ina vitufe viwili tofauti: kimoja cha kuanza kupeperusha, kingine cha kuanza kurekodi. Ukibonyeza cha kwanza peke yake, picha inakwenda mtandaoni na hakuna kinachobaki kwenye kompyuta. Ukibonyeza vyote viwili, picha ileile inaandikwa pia kwenye diski.

Tofauti yake huonekana mtandao unapoyumba, na huko vijijini utayumba tu. Tuseme modemu imepoteza mawimbi kwa dakika nne wakati binti wa marehemu anasoma wasifu. Waliokuwa wakitazama waliona picha imeganda. Video itakayobaki YouTube au Facebook nayo itakuwa na pengo lilelile, maana seva haiwezi kuhifadhi kitu ambacho hakikuifikia. Rekodi iliyo kwenye diski haikuguswa na hayo yote; wasifu umo, neno kwa neno. Na hata pasipo pengo, rekodi ya hapo bomani inaweza kuandikwa kwa ubora mkubwa zaidi ya ule uliotumwa, kwa kuwa diski haina shida ya mtandao.

Nasema waziwazi: familia inayolipia upeperushaji bila kudai rekodi imelipia nusu ya kazi. Mkikaa na mpiga video kupatana bei, kabla hamjatoa hata rubuni, mwulizeni kama atarekodi huku akipeperusha, mtapewa faili lini, na mtapewa kwenye nini. Mtu anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo.

Kuna jambo moja zaidi la kumwuliza, nalo linahusu stima. Umeme ukipotea au jenereta ikizimika ghafla katikati ya rekodi, faili la MP4 la kawaida huharibika lote, hata zile saa tatu zilizokuwa zimeandikwa vizuri. Hii ni kwa sababu MP4 huandika faharasa yake mwishoni, rekodi inapofungwa. Bila faharasa hiyo, kifaa cha kuchezea hakijui kipande kipi kinaanzia wapi. Faili la aina ya MKV halina udhaifu huo: ukikatiziwa, unapoteza sekunde za mwisho tu. Kwa sababu hiyo watu wa OBS wamekuwa wakihimiza kurekodi kwa MKV, kisha kulibadilisha kuwa MP4 kazi ikiisha. Kubadilisha huko hakugusi picha, kunahamisha tu yaliyomo kutoka chombo kimoja hadi kingine, na huchukua muda mfupi. Toleo la 30.2 la mwaka 2024 lilileta pia aina mpya ya MP4 inayostahimili kukatizwa. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima husaidia, lakini betri haimwokoi mtu aliyejikwaa kwenye waya wa diski ya nje.

Je, kama hakuna mpiga video, ni mpwa tu ameshika simu na kuingia laivu Facebook? Simu inayorusha hapo hapo ina mzigo mkubwa, inachemka, na ubora wake unafuata mtandao. Programu nyingine hukupa nafasi ya kuihifadhi video kwenye simu mara tu laivu inapomalizika, lakini ukifunga dirisha hilo kwa haraka nafasi hiyo inaweza kukupita. Njia ya uhakika ni simu ya pili iliyosimamishwa kwenye kigoda chake, inarekodi video ya kawaida bila kujua lolote kuhusu intaneti. Haina gharama ya bando hata senti.

Seva ina masharti yake

Watu huamini kwamba kitu kikishaingia YouTube au Facebook kimehifadhiwa milele. Kimewekwa, kweli, lakini kwa masharti ya mwenye nyumba.

Chukua Facebook. Tangu tarehe 19 Februari 2025, laivu mpya hukaa siku 30 pekee, kisha hufutwa zenyewe. Katika siku hizo mwenye ukurasa anaweza kuipakua, kuihamishia kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, au kukata sehemu yake na kuifanya video fupi. Zile za miaka ya nyuma nazo ziliwekwa kwenye foleni ya kufutwa. Wenyewe walitumiwa taarifa na kupewa siku 90 za kuchukua hatua.

Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu ya mwaka 2020. Corona ilipoingia, serikali iliweka kikomo cha watu 15 kwenye mazishi. Watoto wa marehemu walikwama Nairobi, barabara zimefungwa, wakayatazama maziko ya baba yao Facebook kwa simu, kupitia ukurasa wa jirani au wa kijana wa kanisa. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya siku ile. Taarifa ya kufuta haikwenda kwao. Ilikwenda kwa mwenye ukurasa, ambaye huenda alishabadilisha namba, alisahau neno la siri, au aliona ujumbe na kuupita. Kama kuna laivu ya nyumbani kwenu ya miaka ile, mtafuteni aliyeirusha. Pengine aliipakua. Pengine simu yake ya zamani bado iko kwenye droo na video imo.

YouTube ni mpole zaidi. Laivu ikiisha, huunganishwa na kuwa video ya kawaida kwenye chaneli ileile, na hukaa hapo hadi mwenyewe aiondoe. Sharti lake kubwa ni saa 12: tangazo likizidi muda huo, usitegemee kwamba litahifadhiwa lote. Kwa mtu wa mjini saa 12 zinaonekana nyingi. Kwa mazishi ya kwetu, ambako kamera inaweza kuwashwa mwili unapowasili jioni, ikaendelea na mkesha, ikafika ibada ya saa nne asubuhi na kuzika mchana, saa 12 zinapita kabla jeneza halijashushwa. Dawa ni kulikata: malizeni tangazo la mkesha, kisha mfungue jipya alfajiri kwa ajili ya ibada na maziko.

Instagram huiweka laivu kwenye kumbukumbu ya mwenyewe kwa siku 30. TikTok humwachia mwenye laivu marudio ya kupakua kwa muda fulani. Kwa zote mbili, mtazamaji wa kawaida hana chake. Ombi lipelekwe kwa aliyerusha.

Halafu kuna muziki. DJ aliyekodishwa akipiga wimbo wa injili uliosajiliwa, mitambo ya YouTube na Facebook huutambua yenyewe. Sehemu hiyo inaweza kunyamazishwa, video yote ikafungwa katika nchi fulani, au laivu yenyewe ikakatizwa. Mashine haijui kwamba huo ulikuwa wimbo alioupenda mama. Msanii ana haki ya jasho lake na simlaumu, lakini matokeo kwa familia ni video yenye dakika kumi za watu wanaofungua midomo bila sauti. Rekodi ya diski haina mashine ya kuinyamazisha.

Na swali ambalo huulizwa nadra: video ni ya nani? Ikiwa ilirushwa kupitia ukurasa wa mpiga video, yeye ndiye mwenye kitufe cha kufuta. Akaunti ikidukuliwa, akiacha biashara, au akiamua kusafisha chaneli yake, mazishi yenu yanaondoka na vingine vyote. Afadhali familia ifungue chaneli yake na kumpa mpiga video ufunguo wa kurushia tu, yaani ile namba ya siri inayoiruhusu kompyuta yake kurusha kwenye chaneli yenu. Hilo lifanywe mapema, kwani YouTube huweza kukuchelewesha hadi saa 24 unapowasha laivu kwa mara ya kwanza. Video inaweza kuwekwa katika hali ya kutoorodheshwa, ionekane kwa wenye linki pekee. Mwenye chaneli pia anaweza kuipakua kupitia YouTube Studio, ingawa huko hupewa nakala ya 720p au 360p, hata kama ya awali ilikuwa kubwa zaidi.

Matukio ya kitaifa yana hali tofauti kidogo. Oktoba 2025, mwili wa Raila Odinga ulipoletwa uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu tarehe 18 na kuzikwa Bondo siku iliyofuata, televisheni kubwa zilikuwa mubashara kwenye chaneli zao za YouTube. Kwa matangazo ya namna hiyo huna haja ya kuhangaika. Marudio hubaki kwenye chaneli za vituo na unaweza kuyarudia ukiwa na Wi-Fi. Kilicho hatarini ni upande mwingine: laivu za Facebook za watu wa kawaida waliokuwa ndani ya umati, zenye sauti na sura ambazo kamera za televisheni hazikuziona. Hizo zilikuwa na mwezi mmoja tu, isipokuwa zile ambazo wenyewe walizipakua.

Ukiwa mtazamaji tu

Sasa tuje kwako uliye mbali, huna ufunguo wa chaneli na mpiga video humjui.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa vitufe. Kitufe cha Facebook cha kuhifadhi, na orodha ya YouTube ya kutazama baadaye, haviweki video kwenye simu yako. Vinaweka alama tu ya mahali ilipo. Video ikifutwa, alama inabaki inaelekeza patupu, na bila bando hutazami chochote. Kitufe cha kupakua cha programu ya YouTube, kwa wenye huduma hiyo, ni kitu kingine: hicho hushusha video kweli, baada ya laivu kuisha na kugeuka video ya kawaida. Lakini kinachoshushwa hukaa kimefungwa ndani ya programu. Huwezi kukihamishia kwenye flashi wala kumpa nyanya, na simu isiporudi mtandaoni ndani ya siku 30, kinajifunga.

Njia inayojulikana zaidi ni kurekodi skrini. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina kifaa hicho ndani, na iPhone zimekuwa nacho tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Ni njia halali kiufundi na rahisi, ila ielewe ilivyo: unarekodi kile simu yako ilichofanikiwa kuonyesha. Mtandao wako ukilegea, ukungu unaingia kwenye rekodi moja kwa moja. Ujumbe wa WhatsApp ukitokea juu ya skrini, nao umo. Simu ikipigwa, huenda sauti ikapotea. Washa hali ya kutosumbuliwa, chomeka chaja, na chagua kurekodi sauti ya simu yenyewe badala ya maikrofoni, la sivyo utasikia mbwa wa jirani yako akibwekea mahubiri. Jaribu dakika mbili kwanza, usikilize, kabla hujaiamini kwa saa tano. Kwenye programu za kulipia za filamu na michezo utapata skrini nyeusi. Hiyo ni kufuli ya makusudi.

Njia nzuri zaidi, kwa mwenye kompyuta au anayeweza kwenda saiba, ni programu inayookota vile vipande vyenyewe. yt-dlp, iliyochipuka mwaka 2021 kutoka programu ya zamani ya youtube-dl, na Streamlink, zote za bure, huisoma orodha ya vipande kama simu inavyoisoma, lakini badala ya kuvionyesha na kuvitupa, huviunganisha kwenye faili moja. Hakuna kubanwa upya, kwa hiyo ubora ni uleule uliotoka kwenye seva. Kwa laivu ya YouTube inayoendelea, yt-dlp ina agizo la --live-from-start, linaloiambia irudi nyuma hadi mwanzo wa tangazo. Aliyechelewa kwa saa moja haipotezi saa ile, mradi mwenye tangazo hajazima uwezo wa kurudi nyuma. Na kituo kinachotoa linki ya m3u8 waziwazi kinaweza kufunguliwa kwa VLC, programu ya kuchezea video, ambayo ina kitufe chake cha kurekodi.

Hapa ruhusa inaingia, na siichukulii kama jambo dogo. Masharti ya YouTube yanakataza kupakua video pasipo kitufe chao au idhini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya mtu binafsi, lakini pia inakataza kuvunja kufuli za kidijitali, na haimpi mtu ruhusa ya kuisambaza kazi ya mwingine. Mechi ambayo kituo kimeinunulia haki si yako kuirekodi na kuionyesha kwenye kibanda kwa kiingilio. Mazishi ya mjomba wako ni suala jingine kabisa: mpigie mwenye chaneli, mwambie unachotaka. Mara nyingi atakutumia faili lenyewe, ambalo ni bora kuliko chochote ungeokota mtandaoni. Kumbuka pia kwamba kuna sura za watu waliokuwa wakilia. Kuzihifadhi kwa ajili ya familia ni sawa; kuzikata na kuziweka TikTok bila kuwauliza si sawa.

Jihadhari na tovuti zinazokutaka uweke programu ngeni kwenye simu ndipo zikupakulie. Na linki inayojitokeza kwenye maoni chini ya tangazo la kifo, ikiomba namba ya kadi au PIN ya M-Pesa ndipo utazame mazishi, ni ya mwizi. Usiibonyeze, waarifu wenye msiba wawaonye wengine.

Ukubwa, flashi na TV ya nyumbani

Hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kasi ya megabiti moja kwa sekunde, inayotosha picha ya wastani kwenye simu, hutumia takribani MB 450 kwa saa. Ibada ya saa tano kwa kasi hiyo ni kama GB 2.25. Kwa megabiti mbili na nusu, picha safi ya 720p, ni zaidi ya GB 5.6. Kupakua hakukuepushi na gharama hiyo mara ya kwanza. Kunakuepusha na mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Basi pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini au ya saiba mjini, kisha ubebe faili.

Na ukilibeba, utakutana na kisa hiki: flashi ya GB 32 iko tupu, faili ni la GB 5.6, lakini kompyuta inagoma ikisema ni kubwa mno. Flashi haijaharibika. Imepangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalofika GB 4, hata nafasi iwe kubwa namna gani. Unaweza kuipanga upya kwa mfumo mpya zaidi wa exFAT, ukikumbuka kwamba kufanya hivyo hufuta kila kilichomo. Lakini TV nyingi za zamani haziisomi exFAT. Kwa TV ya nyumbani mimi hupendelea kuiacha FAT32 na kuigawa video: ibada faili moja, hotuba jingine, maziko jingine. Hata mtazamaji hupata nafuu. Anayetaka kusikia hotuba ya mzee hahitaji kupeleka mbele saa tatu.

Angalia pia picha imebanwa kwa njia gani. YouTube mara nyingi hutoa VP9 au AV1, ambazo simu mpya huzicheza bila shida huku TV ya miaka kumi iliyopita ikionyesha skrini tupu au sauti bila picha. Unapochagua, chagua faili la MP4 ambalo picha yake imebanwa kwa H.264 na sauti kwa AAC. Kwa vifaa vya zamani ndiyo yenye uhakika mkubwa. Kisha ijaribu kwenye TV yenye USB, hata ya jirani, kabla flashi haijapanda matatu ya kwenda Ugunja.

Kwa walio ng'ambo, usiitume WhatsApp kama video, kwa sababu itabanwa mpaka nyuso zifutike. Itume kama hati. Tangu 2022 WhatsApp hupokea hati ya hadi GB 2, na inafika kama ilivyotoka. Zile sehemu ulizozigawa kwa ajili ya flashi, ikiwa kila moja iko chini ya kiwango hicho, zitapita. Flashi nayo isiwe nakala pekee, kwani hupotea na huharibika bila kutoa dalili. Weka moja kwenye diski ya mtu mmoja wa familia aliye mjini, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni ya aliye ng'ambo, na mafaili yaandikwe jina la marehemu, mahali na tarehe, badala ya ile mistari ya namba inayowekwa na kamera.